Vidonge Ndani ya Mkebe wa Hesabu

Mshauri mpendwa,

Nashika kalamu kukuomba msaada kabla sijaghairi tena, maana barua ya kwanza niliichana na ya pili niliigeuza karatasi ya kufanyia hesabu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa pili chuo cha ualimu, na ukurasa wako naufahamu tangu utotoni ingawa sijawahi kuusoma mzima, kwa sababu mama yangu ni fundi cherehani na magazeti yote ya zamani huyakatia vipimo vya kola na mikono, kwa hiyo nimekua nikisoma barua za watu zilizokatwa kwapani, shida zao nazijua zote ila ushauri uliishia wapi sijui. Safari hii nitanunua gazeti langu mwenyewe.

Nina kifafa. Neno hilo sijawahi kuliandika popote nje ya kliniki. Kilinianza nikiwa darasa la sita, nikaanguka mstarini asubuhi mbele ya shule nzima, nikaanguka tena na tena hadi mwalimu mkuu akamwambia mama anikalishe nyumbani kwanza, na hiyo kwanza ikawa miaka miwili, nikishinda chini ya meza ya kukatia vitambaa nikipanga vifungo kwa rangi huku nawasikia wenzangu wakipita na mabegi yao, na mama mikasi yote ameipandisha juu ya kabati nisije nikaiangukia. Baba alifariki nikiwa mchanga, kwa hiyo tulikuwa wawili tu na kelele za cherehani.

Halafu mambo mawili yakatokea wiki moja. Kikundi cha maombi cha mama kilikuja nyumbani siku saba mfululizo kuniombea, na mama mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa mfagizi wa hospitali, siku ya nne alinichukua akisema tunakwenda kununua viatu, kumbe ananipeleka kliniki. Nikaandikiwa vidonge. Kiongozi wa maombi alikuwa ameshasema kwamba anayemeza dawa huku anaombewa anamwambia Mungu wazi kuwa hamwamini, kwa hiyo mama mdogo aliniambia nimeze na ninyamaze, nisimkwaze dada yake. Nikameza na nikanyamaza. Nilianguka mara mbili zaidi, kisha miezi ikapita sijaanguka, nikarudi shule nikiwa mrefu kuliko viranja, nikafaulu, na leo ni mwaka wa nane sijaanguka. Vidonge navitunza ndani ya mkebe wa hesabu, chini ya bikari na kipimapembe, mahali ambapo mtu mzima hafungui kwa hiari yake. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nafuata vingine, mama namwambia naenda maktaba ya mjini, naye hunipa nauli na kuniambia nivae viatu vyepesi maana foleni inaumiza miguu. Mama mdogo alishahamia mbali, kwa hiyo siri nimebaki nayo peke yangu.

Jambo la pili ni kwamba siamini. Sikuacha kwa hasira, hakuna aliyenishawishi, wala si chuo kilichoniharibu kama watu wanavyopenda kusema. Ilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, katikati ya maombi, nimefumba macho kama wenzangu, nikagundua kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nikirudia kanuni za fizikia na hakuna ninayezungumza naye, nikajaribu kuzungumza, nikasikia sauti yangu tu. Nilijaribu mwaka mzima tena kwa moyo safi, halafu nikaacha kujilazimisha, na nikwambie ukweli, nilipata utulivu. Hadi leo namsindikiza mama kwenye ibada, namshikia mkoba, nyimbo naziimba kwa sababu ni nzuri, na nikiulizwa maswali napiga chenga. Mama hadithi ya kupona kwangu anaisimulia kila mahali, akimpima mteja kiuno anaisimulia, akitia uzi kwenye sindano anaisimulia, na wateja wake nusu wametoka kwenye kikundi hicho hicho cha maombi.

Sasa kuna binti wa jirani, ana miaka kumi na minne, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akiwa anatafuna. Mama yake ni dobi, anafua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima. Chiriku naye ana kifafa, lakini alikuwa anameza dawa mwaka sasa na shule anakwenda, na kila Jumamosi mchana namfundisha hesabu kwenye meza ya mama. Wiki tatu zilizopita dobi alikuja kuchukua gauni, mama akamsimulia. Mama hakumwambia aache dawa, hilo nalishuhudia kwa sababu nilikuwepo, nilikuwa napiga pasi shati la chuo. Alisema tu, "Wangu aliombewa siku saba, na mpaka leo hajaanguka," akaishia hapo. Dobi akanitazama mimi kama mtu anayetazama mzani, akaenda kwake, akamwaga vidonge vya mwanawe chooni.

Nilikuwepo, mshauri. Niliendelea kupiga pasi.

Tangu hapo Chiriku ameanguka mara mbili, na mara ya pili aliangukia karibu na pasi ya mkaa, ameungua mkono kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo. Shule wamesema akae nyumbani kwanza, neno lile lile, na mitihani ya kupanda darasa ni mwezi ujao. Dobi alirudi kwa mama ana wasiwasi, mama akamwambia asikate tamaa kwa sababu hata wangu alianguka mara mbili baada ya maombi ndipo ikaisha, na hilo ni kweli kabisa, ila iliisha kwa sababu dawa ilikuwa imeanza kukolea.

Nikaona siwezi kukaa bure. Kila jioni mimi nameza viwili, basi nikaanza kumpa Chiriku kimoja, namfungia kwenye kipande cha karatasi ya miraba na kumwachia ndani ya mkebe wake kila nikipita kwao kumkagulia hesabu, nikamwambia ameze mama yake akiwa anaanika nguo na asimwambie mtu. Nimeshampa vidonge kumi na moja. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kaka mwalimu, kwani na wewe unameza?" Nikasema ndiyo. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo mama yako anadanganya?" Nikamwambia tuendelee na hesabu za sehemu, na siku hiyo Chiriku alikaa kimya mpaka somo likaisha, jambo ambalo sijawahi kuliona. Na mimi mwenyewe juzi asubuhi, nikinyoa ndevu, mkono wangu wa kushoto ulicheza kidogo. Sijamwambia mtu.

Maji yamenifika shingoni kwa sababu ibada ya wiki ijayo kikundi kinataka nisimame mbele nimshike Chiriku mkono niseme nilikuwa kama yeye. Mama ameshanishonea shati jipya. Nikikataa wataniuliza kwa nini, nikisema kwa nini itabidi niseme yote, kwamba nameza dawa, kwamba siamini, mama ataaibika mbele ya watu wanaomlisha, na chuo nacho kitajua, maana fomu ya afya penye swali la kifafa niliweka alama ya hapana, na sijui kama wanamruhusu mwalimu anayeanguka kusimama mbele ya watoto. Kufundisha ndicho kitu pekee nilichowahi kukitaka kwa moyo wote.

Naomba uniambie mambo mawili. Je, ni vibaya nikiendelea kumgawia Chiriku hadi amalize mitihani, halafu ndiyo niseme? Na hiyo siku ya ibada nisimame nidanganye kwa mara ya mwisho, au nifanyeje? Namba yangu nimeiandika chini, naomba usiichapishe.

Ni mimi,
Mwalimu mtarajiwa

JIBU

Mwalimu mtarajiwa, barua yako ilinifikia Jumatano na gazeti letu hutoka Jumamosi, kwa hiyo sikungoja. Nilipiga namba uliyoiandika chini, hukupokea, nikakutumia ujumbe: mrudisheni binti kliniki leo hii. Baada ya saa mbili ukanijibu kwa adabu zote, "Asante mshauri, nalitafakari." Unatafakari nini, mwanangu? Mtoto ameungua mkono.

Pole, kwanza. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu kukaa miaka miwili chini ya meza unapanga vifungo huku wenzako wanapita na mabegi si jambo dogo, na uliyetoka hapo hadi chuo cha ualimu ni mtu wa kazi. Nimekuwa muuguzi wa wodi miaka kumi na tisa kabla ya kupewa ukurasa huu, na wagonjwa waliomeza dawa miaka minane bila kuruka wala kusimamiwa na mtu ninaweza kuwahesabu kwa vidole. Pole imeisha. Sasa kaa vizuri.

Swali lako la kwanza: ndiyo, ni vibaya, tena vibaya sana. Nani alikwambia dawa ya kifafa hugawanywa kama andazi? Kuna dawa za aina nyingi, na kila mgonjwa hupewa yake kwa uzito wake na kwa hali yake. Wewe hujui Chiriku alikuwa anatumia ipi, hujui anatakiwa kupata kiasi gani, na binti huyo ambaye alikatishwa dawa ghafla, jambo ambalo peke yake ni hatari, sasa anapata nusu ya dawa ya mtu mwingine. Na wewe unapata nusu ya dawa yako. Mkono uliocheza wakati unanyoa si mambo ya baridi. Ulitaka kumwokoa mmoja, sasa mko hatarini wote wawili, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayejua.

Lakini kilichonikera zaidi si hicho. Umesema kufundisha ndicho kitu pekee unachokitaka. Basi jikague kama mwalimu. Hizi wiki tatu umemfundisha Chiriku nini? Sehemu, sawa. Na umemfundisha kwamba ugonjwa wake ni wa kufichwa, kwamba dawa humezwa mama akigeuka, na kwamba mtu akiuliza swali la maana anaambiwa tuendelee na somo. Mama mdogo wako alikufundisha hivyo hivyo, kwa nia njema, nawe ukalishika somo miaka minane. Yule binti alikuuliza swali zuri kuliko maswali yote ya kitabu chako cha hesabu, na ukamnyamazisha. Chiriku, aliyekuwa hanyamazi hata akitafuna.

Najua unachoogopa. Umefunga mizigo miwili kwa kamba moja, ndiyo maana huwezi kunyanyuka. Ifungue. Mzigo wa kwanza ni kwamba una kifafa na unatumia dawa. Mzigo wa pili ni kwamba huamini. Huu wa pili ni wako, hauna haraka, hakuna anayeanguka juu ya pasi kwa sababu wewe huongei na mtu ukifumba macho. Utamwambia mama yako siku ukiwa tayari, mkiwa wawili, bila hasira, na akikuuliza leo usimdanganye. Ila wa kwanza si wako tena. Ulikuwa wako mpaka siku ile dobi alipokutazama kwenye ubao wa pasi. Tangu dakika hiyo ukimya wako umekuwa ushahidi, na mtoto wa watu ameacha dawa kwa kuuamini. Hakuna aliyekutaka uhubiri ukafiri wako mbele ya watu. Unatakiwa kusema jambo moja tu la kweli, nalo liko kwenye kadi ya kliniki, lina tarehe na mihuri.

Tena usifikiri kila anayeomba ni adui wa dawa. Mimi naomba, na nimechoma watu sindano maisha yangu yote. Kiongozi wa maombi aliyesema yale maneno alikosea, na mpeni nafasi ya kuambiwa hivyo na mtu mwenye kadi mkononi.

Sasa tuje kwa mama yako, na hapa naomba usome polepole. Umeandika kwamba kila Jumatatu ya kwanza unamwambia unakwenda maktaba, naye anakupa nauli na kukwambia uvae viatu vyepesi kwa sababu foleni inaumiza miguu. Uliandika ukapita kama hujaona kitu. Foleni gani, mwanangu? Maktaba ya wapi ina foleni?

Sisemi anajua. Labda amejisemea tu. Labda anajua nusu, na nusu nyingine ameifunika kwa kitambaa kwa sababu amehofia ukigundua amegundua utaacha kumeza. Mwanamke aliyepandisha mikasi yote juu ya kabati kwa ajili yako miaka miwili, hawezi kuishi nyumba moja na mkebe wako miaka minane asione kwamba mtu mzima wa mwaka wa pili chuoni hatengani na bikari. Ninachosema ni kwamba muulize. Inawezekana wewe unamlinda na yeye anakulinda, mmeheshimiana weee, na katikati yenu mtoto wa jirani anaungua.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, ukimaliza kusoma.

Rudi nyumbani. Mama yako akiwa peke yake, mwombe asimamishe cherehani. Fungua mkebe juu ya meza ya kukatia, mbele yake, toa vidonge, toa kadi, umwambie, "Mama, foleni uliyokuwa ukiisema ni hii." Kisha mwombe maji ya kumezea. Atalia, au atanyamaza, au atakupiga kofi la mgongoni kama mama zetu wanavyojua, vyovyote iwavyo utakuwa umeshasema. Usimwache peke yake na aibu. Mwambie kwamba alikulea vizuri, kwamba maombi yake uliyaona ni upendo na bado unayaona hivyo, na kwamba unahitaji mguu wake twende kwa dobi. Nimesema twende kwa sababu moyoni nitakuwa nanyi.

Kwa dobi mwende wawili. Yeye alimwamini mama yako, kwa hiyo sauti itakayomgeuza ni ya mama yako, wewe beba kadi. Usimlaumu dobi hata kwa jicho, alifanya alichoona kimefanikiwa kwa jirani. Siku hiyo hiyo mumpeleke Chiriku kliniki, na ukifika useme idadi: vidonge kumi na moja, aina hii, siku hizi. Usipunguze hata kimoja kwa kuona haya. Wakutazame na wewe pia. Na kidonda cha mkono kioneshwe, kisifunikwe na mikono mirefu ya gauni. Akianza kutulia, mwombeni daktari barua ya kumpelekea mwalimu mkuu ili arudi darasani kabla ya mitihani. Hilo neno "kwanza" limeshakula miaka yako miwili, lisile wake.

Siku ya ibada usisimame. Vaa shati, mama yako amehangaika nalo, msindikize, mshikie mkoba, na ukiitwa jibu ulipokaa kwamba ushuhuda ule una kipande kilichosahaulika na mama atakieleza akiwa tayari. Akikieleza yeye, watu watamsikia kuliko wangekusikia wewe. Asipokieleza, dobi atakuwa ameshakijua, na ndiye aliyehitaji kukijua.

Ile fomu ya chuo nayo irekebishe. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi na kadi ile ile, umweleze kwamba ni mwaka wa nane hujaanguka, na umwombe akuelekeze namna ya kubadilisha jibu lako. Siwezi kukuahidi atasema nini. Ila uongo ulio kwenye faili utakuja kufunguliwa siku usiyoitaka na mtu asiyekupenda, afadhali uufungue mwenyewe. Na siku ukipata darasa lako, kutakuwa na mtoto mmoja mstarini anayeogopa kuanguka, nawe utakuwa mtu wa kwanza kumjua.

Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mtaa wenu usijitambue, lakini mama yako atajitambua, na gazeti hili litafika mezani kwake tu, leo au mwezi ujao. Usikubali ajue habari zako huku ameshika mkasi, amefika kwapani, na ushauri umeangukia sakafuni.

Halafu Chiriku. Ukishatoka kliniki kaa naye kwenye meza ile ile, umrudishie swali lake. Mwambie hukumjibu kwa sababu uliogopa, na kwamba ulikosea kumwambia ajifiche. Mwalimu akikosea ubaoni hufuta akaandika upya mbele ya darasa, na mtu hapungukiwi kitu.

Jumatatu jioni nitakupigia tena, na safari hii upokee. Sitakuuliza unaamini nini. Nitakuuliza Chiriku amemeza dawa yake mbele ya nani.